Jibu Likikamilika

Sikio lilitundikwa langoni mwa kiwanda, usawa wa kidevu cha mtu mzima, jeusi, la duara kama kifuniko cha sufuria ya uji. Chini yake kulikuwa na kibati cha shaba nilichokibonyeza kwa kidole gumba. Nikibonyeza, taa ya kijani inawaka na Sikio linasikia. Nikiinua, linajifunga. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu: kuuliza habari, kushika, kuinua.

"Habari za kazi?"

"Nzuri," akasema Sikazwe wa kufungasha, akavuta pumzi. Sikuinua. "Ila hivi viatu mlivyotupa, dada, vinabana. Nahisi vilikuwa vya mtu mwingine na bado anavitaka."

Waliokuwa nyuma yake wakacheka. Sikazwe akaona taa ingali inawaka, akavua kofia kana kwamba amekutwa kanisani, akapita.

Ilikuwa siku ya majaribio, wiki moja kabla ya Kusomwa kwenyewe, siku alama zinapohesabika. Siku ya majaribio ubao ulio juu ya lango huachwa wazi, na kila anayejibu anaona alama za kiwanda zikipanda au kushuka. Asubuhi ile zilianza sabini na kitu. Mpaka nusu ya foleni zilikuwa zimeteremka karibu na sitini, na watu walikuwa wameacha kucheka.

Zamani, wanasema, kila robo mwaka viwanda vilipeleka makaratasi forodhani: tumeuza hivi, tumepata hivi, tunatarajia hivi. Nchi zikagombana juu ya makaratasi hayo hadi mpaka ukawa unafungwa asubuhi na kufunguliwa jioni, na dereva analala Tunduma hajui akiamka atatozwa nini. Ndipo ikaletwa Mizani. Mizani ni mashine isiyo na ofisi. Mauzo ya kiwanda inayachukua yenyewe benki. Hali ya kiwanda inaichukua kwenye makoo ya watu wake. Kila mfanyakazi anaulizwa swali moja mbele ya Sikio, na Mizani inasikiliza maneno pamoja na kile kinachotetemeka chini ya maneno, inatoa alama, na alama ndizo zinazopanga ushuru wa robo inayofuata. Sitini kwenda juu, lori linavuka kwa ushuru mdogo. Chini ya hapo, ushuru unapanda mpaka mzigo haununuliki upande wa pili.

Walioiunda walitoka mbali. Kwao, nadhani, mtu akiulizwa habari akasema nzuri, amemaliza. Kwetu nzuri ni mlango tu, mtu anaufungua kwanza ndipo anaingia na mzigo wake. Habari za nyumbani? Nzuri, ila tumefiwa. Hakuna anayeona ajabu.

Muulizaji aliyenitangulia, Bi Tabu, alikuwa akiinua kidole kwenye nzuri. Hakuwa na hila. Foleni ilikuwa ndefu na miguu ilikuwa inamvimba. Mwongozo wa Mizani unasema kidole kiinuliwe jibu likikamilika, haukuongeza neno, na yeye aliona limekamilika. Mimi nilipopewa nafasi yake robo hii, nikawa nasubiri mpaka mtu ageuze shingo.

"Habari za kazi?"

Alikuwa Subilaga, mke wa kaka yangu, anayekagua vibanio tunavyotengeneza, mwisho wa laini ya pili. Tunalala nyumba moja, lakini langoni aliniangalia kama karani.

"Nzuri," akasema. Akatazama ubao, akatazama taa, akaniangalia tena. "Ila vibanio vinaganda."

Ubao ukaonyesha hamsini na nane. Dirisha la ofisi ya juu likafunguliwa.

*

Meneja Simbeye alikuwa amesimama akitazama malori uani. Aliniambia nikae, nikakaa, yeye hakukaa.

"Umeshika kidole kwa wote, Tusekile?"

"Kwa wote, Bwana Meneja."

"Kwa nini?"

"Walikuwa hawajamaliza."

Akacheka puani. "Mama yangu alinipigia simu siku nyumba yake ilipoungua. Nikamuuliza habari, akasema nzuri. Nikamuuliza za wajukuu, nzuri. Tukafika mpaka kwa kuku ndipo nikasikia habari ya moto." Akageuza kioo cha kompyuta upande wangu. "Kwa hiyo sikuiti hapa kwa sababu sijui watu wetu wanavyojibu."

Kwenye kioo kulikuwa na mstari unaopanda kama njia ya mlimani.

"Haya ni mauzo ya robo hii. Hatujawahi kuuza hivi tangu kiwanda kifunguliwe. Unajua kwa nini?"

"Vibanio vinapendwa."

"Wangevipenda hivyo, ningelala. Wateja wa upande wa pili wanaogopa ushuru utapanda, basi wananunua sasa vya mwaka mzima. Wanajaza maghala. Robo ijayo watanunua nini? Wanavyo." Akaweka kidole mwisho wa mstari, pale palipokatika. "Faida nayo imeliwa na lehemu. Ule waya mzuri unatoka nje. Naagiza kwa ushuru huu, meli inafika ushuru ni mwingine. Ndiyo maana tukachukua huu wa kuyeyushwa upya."

"Huu unaopasuka."

"Unapasuka kwenye baridi. Sio wote."

Kibanio ni kifaa cha kupima pumzi. Nesi anakibana kwenye kidole cha mgonjwa, kinamulika damu, kinatoa namba: tisini na saba huyu anapumua vizuri, themanini mkimbilie. Kiwanda chetu, Ilasi Elektroniki, kinakitengeneza kwa zahanati ambazo hazina mashine kubwa. Ndani yake kuna viungo vidogo kama mbegu za mchicha, na vyote vinashikwa na lehemu.

Simbeye sasa alikaa. Kwa karibu nikaona kola yake imegeuzwa nje ndani ili ionekane mpya.

"Nisikilize vizuri," akasema. "Tukipata sitini, oda kubwa ya kule inasainiwa. Nanunua lehemu ya nje, tunafungua kila kibanio kilichobaki ghalani tunachomelea upya. Tukikosa, nafunga laini ya pili. Hela ya kurekebisha itakuwa haipo, na watu watakuwa nyumbani. Wifi yako akiwemo."

"Na vilivyo kwenye malori?"

Akageukia dirisha. "Vitakwenda. Vingi ni vizima."

Nilikuwa naitazama mikono yangu. Kidole gumba kilikuwa na alama ya kibati, duara jekundu.

"Sikuombi uongo, binti. Wao wenyewe watasema nzuri, kwa midomo yao. Wewe inua kidole. Mwongozo uko upande wako na wangu."

"Mwongozo unasema jibu likikamilika."

"Basi," akasema Simbeye, "amua limekamilika wapi."

*

Jioni Subilaga alikuwa anamenya ndizi uani, mwanawe Lugano ameketi kwenye kinu kilicholazwa. Jua lilikuwa bado lipo lakini baridi ya Mbozi ya mwezi wa tisa ilishaanza kutoka chini. Nilipokaa, Subilaga alifuta mikono, akatoa kibanio mfukoni mwa dasta-koti yake ya kazini.

"Hiki kilipita ukaguzi," akasema. "Mimi mwenyewe nilikipitisha. Kilikuwa kizima. Lugano, lete kidole."

Akakibana. Namba ikacheza, ikatulia: tisini na saba. Akakitumbukiza kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, akauzamisha kwenye ndoo ya maji ya kisima. Tukamenya ndizi kidogo. Kisha akakitoa, akakibana tena kwa mtoto. Tisini na saba.

"Kinafanya kazi," nikasema.

Subilaga akakitoa kwenye kidole cha mtoto, akakibana kwenye ndizi.

Tisini na saba.

"Ndizi hii nzima," akasema Lugano, akacheka mpaka akashika tumbo. "Mama, weka kwenye kisu."

Subilaga akakibana kwenye mpini wa kisu. Kisu nacho kilikuwa kinapumua vizuri. Mtoto alikuwa bado anacheka, na sisi tukawa tunamtazama yeye ili tusitazamane.

"Mle ndani kiungo kimoja kinaachia," akasema Subilaga. "Namba inabaki ile ya mwisho. Kikipashwa moto pale kiwandani kinarudi kuwa kizima, kwa hiyo ukikipeleka kwa fundi anakuona mwongo."

"Vingapi viko hivi?"

"Wifi, mimi si Mizani." Akachukua ndizi nyingine. "Lakini zahanati zina baridi alfajiri. Na alfajiri ndipo watoto wenye kifua wanapozidiwa."

Nikamweleza yote aliyosema Simbeye. Alisikiliza akiendelea kumenya, maganda yakiangukia miguuni pake. Kaka yangu alikuwa njiani na lori la mbolea, huwa hatumi kitu mpaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi huo ulikuwa umeshapita.

"Anasema kweli kuhusu lehemu," akasema mwishowe. "Tukipata ile ya nje, vitapona."

"Vya ghalani."

"Vya ghalani, ndiyo."

"Basi unataka nifanye nini?"

Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu nikae. "Inua kidole. Ukikishika nitasema. Nikiulizwa siwezi kunyamaza, ndivyo nilivyoumbwa, umeona leo. Ukikiinua nitakuwa nimesema nzuri tu, na nzuri kila mtu anasema." Akasogeza sufuria. "Nisaidie nisiwe mimi."

Lugano alikuwa amekichukua kibanio anakibana kwenye mkia wa paka.

*

Siku ya Kusomwa ubao huzimwa. Alama hazionekani mpaka wa mwisho ajibu. Malori yalikuwa yamepangwa uani, injini zikinguruma, vichwa vimeelekea lango la mzigo, maana alama zikitoka nzuri kizuizi kinapanda chenyewe saa hiyohiyo. Simbeye alisimama kwenye ngazi za ofisi na suti.

Nilikuwa nimekwenda na nia ya kuinua. Nilijiambia hivyo njia nzima, na nilipofika nikaweka kidole kwenye kibati nikiwa bado najiambia.

"Habari za kazi?"

"Nzuri," akasema Sikazwe, akaitazama taa.

Alikuwa anasubiri izimike. Nikaona kwamba nikiinua sasa hivi, jibu litakalokwenda si la Sikazwe, ni langu, nimemkatia mtu kauli halafu nimeipeleka kwa jina lake. Kidole hakikutoka.

"Leo kidole chako kimegoma, dada?" akasema chini chini.

"Endelea tu."

"Niendelee na nini? Nzuri. Viatu pia vimezoea." Akapita upesi, akageuka kuwaangalia walioko nyuma, akaonyesha taa kwa kidevu.

Kumbe hiyo ilitosha. Habari ilikimbia foleni nzima kabla mtu wa pili hajafika kwangu.

"Habari za kazi?"

"Nzuri sana."

"Habari za kazi?"

"Nzuri, asante."

Mmoja baada ya mwingine walisema nzuri wakafunga kinywa kwa kiganja, kama mtu anayezuia kwikwi. Mama mmoja wa laini ya kwanza alisema nzuri akiwa ameshapita, kwa nyuma ya bega. Nilikuwa nimedhani kazi yangu ni kushika tu, nikishika wao wenyewe watalisema. Hawakulisema. Na kwa nini waliseme? Kila mmoja wao alikuwa na sufuria yake nyumbani. Kidole kikaanza kufa ganzi, nikaweka kile cha mkono wa pili juu yake, nikasubiri Subilaga, maana yeye aliniambia hawezi kunyamaza.

Alikuja karibu na mwisho. Dasta-koti yake ilikuwa imefuliwa.

"Habari za kazi?"

"Nzuri," akasema.

Nikangoja. Taa ilikuwa inawaka katikati yetu. Nilimwona akivuta pumzi, nikaona shingo yake ikifanya ule mkunjo wa mtu anayetaka kuongeza. Injini ya lori moja ikavuma zaidi, labda dereva aligusa mafuta bila kukusudia. Subilaga akaigeukia ile sauti. Aliporudisha macho yalikuwa yamejaa.

"Nzuri tu, wifi," akasema, akapita.

Walipokwisha wote, Simbeye alishuka ngazi. Muulizaji naye huulizwa, na anayemuuliza ni mkuu wa kiwanda. Hapo Mizani ina sheria yake: kwa kuwa muulizaji amewasikia wote, jibu lake linapimwa kwa uzito wa laini nzima. Kwa Bi Tabu hilo halikuwahi kuwa na maana, nzuri yake ilijazwa juu ya nzuri nyingine.

Simbeye alijipangusa kidole kwenye suruali, akakiweka kwenye kibati. Taa ikawaka.

"Habari za kazi, Tusekile?"

Kidole chake kilikuwa kimelegea tayari, ukucha umeinuka upande mmoja. Alikuwa anasubiri neno moja. Nikilisema hilo, kila kitakachofuata nitakuwa nauambia ukuta. Na kulisema ndiyo adabu. Sijawahi kusikia mtu mzima akiulizwa habari akaanza na jingine, hata msibani, hata mahakamani.

"Ila vibanio vinaganda," nikasema.

Simbeye akapepesa macho, kama vile nimemtemea mate.

"Vinaganda kwenye tisini na saba, mtu akipumua au asipopumua. Ni lehemu. Vikipata baridi kiungo kinaachia na namba haiondoki. Nimekiona kimoja kimebanwa kwenye ndizi, kikasema nzima. Vingine vimo kwenye haya malori."

Angeweza kuinua. Kidole kilikuwa nusu hewani. Kikashuka tena, kikabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe, na akanitazama mpaka nikageuza shingo.

Ubao ukawaka. Hamsini na mbili.

*

Kizuizi hakikupanda. Madereva walikaa kidogo kwenye vyumba vya malori yao, mikono kwenye usukani, kisha wakaanza kuzima injini. Sikuwa nimejua uani pale pana kimya cha namna ile.

Watu walitoka na mifuko yao bila kusukumana. Sikazwe alipita kama sipo. Yule mama wa laini ya kwanza alisimama mbele yangu muda wa kutosha kunipima kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umetushibisha, dada," akasema. "Haya, nenda kashibe na wewe."

Simbeye alikuwa amekaa kwenye ngazi, koti la suti limewekwa magotini. Nilikwenda kumpa ufunguo wa Sikio, maana ndivyo inavyotakiwa, halitafunguliwa tena mpaka mwezi wa kumi na mbili. Aliupokea akauweka kando.

"Hata salamu hukuitikia," akasema. Hakusema kwa ukali. "Kesho naanza na laini ya pili. Nitawaita mmoja mmoja, sitabandika ukutani."

"Na mzigo wa malori?"

"Unashushwa. Mkaguzi wa forodha atakuja, avifungue kimoja kimoja." Akasugua macho. "Vya kwenye malori angalau tunavyo mkononi."

Sikulielewa neno angalau mpaka nilipogeuka nikamkuta Subilaga amesimama nyuma yangu. Dasta-koti alikuwa ameivua na kuikunja, kama mtu anayerudisha nguo ya kuazima.

"Wifi," akasema.

"Abee."

"Ile lehemu haikuanza robo hii."

"Ilianza lini?"

"Mwezi wa tano. Nilikuwa nadhani ni mkono wangu, kwamba sijui kupima. Baadaye nikajua si mkono, na nikaendelea kupitisha." Alikuwa anasema na ile nguo aliyoikunja. "Vile vilishavuka. Viko kwenye zahanati, viko kwenye vidole vya watu sasa hivi. Mkaguzi hatavikuta hapa. Na mwenye kujua vilikwenda maboksi gani, kwa tarehe gani, ni aliyevipitisha."

"Amekuuliza?"

"Nani?"

Nikamwonyesha Simbeye kwa macho.

"Hajaniuliza," akasema Subilaga. "Na Sikio limeshafungwa."

Nilikuwa nimeshasema langu, na limemtoa kazini. Lake lingeweza kumtoa zaidi ya hapo, lingeweza kumpeleka mbele ya watu wenye vitambulisho. Nilimtazama tu, naye akaitazama ngazi, ngazi zile chache, kama anayepima kama mto unavukika.

Kisha akanikabidhi dasta-koti, akaenda.

"Shikamoo, Bwana Meneja."

"Marahaba," akaitikia Simbeye bila kuinua kichwa, na kwa mazoea tu, kama ambavyo angemwambia mtu yeyote siku yoyote, akaongeza, "Habari za kazi?"

Subilaga akakaa kando yake kwenye ngazi, akaanzia mwezi wa tano.